Mikondo mitatu isimgawanye mtoto

Katika muhula wa kwanza wa mwaka 2026 nilialikwa na shule moja ya upili iliyo baina ya Karatina na mji wa Nyeri nikazungumze na wanafunzi wa Gredi ya 10 juu ya matumizi ya Kiswahili sanifu. Nilipomaliza, kama ilivyo ada, niliwapa wasikilizaji nafasi ya kuuliza maswali. Nilitarajia maswali ya ngeli na upatanisho wa kisarufi, kwani hayo ndiyo huulizwa popote niendapo. Badala yake alisimama msichana mmoja, akanyosha mkono kuelekea chumba cha kompyuta kilichokuwa upande wa pili wa uwanja, akasema: "Daktari, sisi tumechagua mkondo wa sanaa. Je, tutaruhusiwa kuingia mle?"

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu wao hakucheka, wala hakumjibu. Nami, nakiri, sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwambia kwamba swali lake ni zito na kwamba nitalitafakari. Makala haya ni juhudi ya kulijibu, ingawa najua kuwa wanaopaswa kulijibu ni wengi na wana mamlaka kunizidi.

Kwa manufaa ya msomaji asiye na mtoto wa umri huo, nieleze kwa ufupi. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026 ndio wa kwanza kufika shule ya upili ya juu chini ya mtaala wa umilisi, ule ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Idadi yao inapita milioni moja. Kila mmoja alitakiwa kufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mpango wa Wizara ya Elimu ulikuwa kwamba takriban asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa kwanza, asilimia 25 wa pili, na asilimia 15 wa tatu. Hapo awali hisabati haikukusudiwa kuwa somo la lazima kwa wote. Ni baada ya wazazi na wadau wengine kulalamika, mnamo 2025, ambapo Wizara ilikubali kila mwanafunzi aisome, ingawa kwa viwango viwili: ile kamili kwa wa mkondo wa sayansi, na ile ya kimsingi kwa wenzao.

Sina ugomvi na mikondo yenyewe. Hakuna shule iwezayo kumfundisha kila mtoto kila somo, na mwanafunzi anayejua anakoelekea husoma kwa bidii zaidi. Linalonitia wasiwasi ni dhana inayoanza kuota mizizi shuleni kwamba sanaa ni ya wale walioshindwa na hesabu, kwamba kompyuta ni mali ya wanasayansi, na kwamba lugha ni somo la kupita tu mtihani. Mtoto wa miaka 15 akishaamini hivyo, ni vigumu kumshawishi vinginevyo akiwa na miaka 20. Nasema hivyo kwa sababu mimi hukutana naye chuoni akiwa na umri huo. Huja darasani kwangu akiwa amekwisha kujigawa: hapa pana moyo wake, pale pana akili yake, na baina yake hapana daraja.

Nitajaribu kuonyesha, kwa mfano mmoja tu, kwamba mgawanyiko huo si wa kweli. Mfano wenyewe ni uchoraji wa maumbo kwa kutumia programu ya kompyuta, na hasa yale maumbo ambayo wanahisabati huyaita fraktali.

Jina hilo lisimtishe mtu. Hebu tutoke nje ya darasa lile la Karatina. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199 huonekana waziwazi. Upande wake wa kusini na mashariki hutoka mito kama Ragati, Nyamindi, Thiba na Rupingazi, ambayo hukusanyika hadi maji yake yakaingia Mto Tana. Upande wa kaskazini na magharibi hutoka Naro Moru, Burguret na Likii, ambayo huelekea Ewaso Ng'iro. Mwalimu wa jiografia akimwambia mwanafunzi aichore mito hiyo yote, mchoro utafanana na mti: shina, matawi, vitawi. Na ukikata kitawi kimoja cha mchoro huo ukakikuza, utaona kwamba nacho kinafanana na mti mzima. Sasa ingia msituni uchume jani la kangaga. Jani hilo limeundwa kwa vijani vinavyofanana nalo, na kila kijani kina vijani vidogo zaidi vinavyofanana nacho. Nenda sokoni Karatina ununue koliflawa, uivunje vipande. Kila kipande ni koliflawa ndogo.

Umbo ambalo sehemu yake ni mfano mdogo wa umbo zima, ndilo fraktali. Jina lilitungwa mwaka 1975 na mwanahisabati Benoit Mandelbrot, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjika. Lakini maumbo yenyewe yalikuwa yamechorwa kabla yake. Mnamo 1904 Helge von Koch, raia wa Sweden, alieleza mstari wa ajabu ambao mwalimu yeyote anaweza kuuchora ubaoni leo hii, bila umeme wala kompyuta.

Chora mstari wa sentimita 27. Ugawe sehemu tatu zilizo sawa. Futa sehemu ya katikati, na mahali pake uweke pande mbili za pembetatu yenye pande sawa, kama paa la nyumba. Sasa una vipande vinne vya sentimita 9, na urefu wote ni sentimita 36. Rudia jambo lilo hilo kwa kila kipande: utapata vipande 16 vya sentimita 3, jumla 48. Rudia tena: vipande 64 vya sentimita moja moja, jumla 64. Kila hatua urefu huongezeka kwa theluthi, na hapana hatua ya mwisho. Ukifanya hivyo kwa pande zote tatu za pembetatu, utapata umbo kama ua la theluji ambalo mzingo wake hauna kikomo, ilhali eneo lake halizidi eneo la pembetatu uliyoanza nayo mara moja na sehemu tatu za tano. Mzingo usio na mwisho umezunguka eneo linalotosha katika daftari! Niliwaonyesha wanafunzi fulani jambo hili kwa chaki, nao walibishana hadi kengele ikalia. Ni lini mara ya mwisho msomaji alipowaona wanafunzi wakibishania mzingo na eneo?

Mkono wa binadamu huchoka katika hatua ya nne au ya tano. Hapo ndipo kompyuta inapokuwa na faida, na hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini watu waliiunda. Chukua mfano wa mti. Mwanafunzi anaiambia kompyuta hivi: ili uchore mti wa urefu fulani, kwanza tazama kama urefu huo haufiki sentimita moja, kama haufiki, acha. La sivyo, chora mstari wa urefu huo. Geuka kushoto nyuzi 30. Chora mti ambao urefu wake ni theluthi mbili ya huu. Geuka kulia nyuzi 60. Chora mti mwingine wa theluthi mbili. Geuka kushoto nyuzi 30. Kisha rudi nyuma hadi ulipoanzia. Basi. Katikati ya maelezo ya kuchora mti, kuna agizo la kuchora mti. Kanuni inajiita yenyewe. Ukihesabu shina kuwa kiwango cha kwanza, mti wa viwango kumi utakuwa na mistari 1,023, yote imetokana na maneno yasiyojaza hata nusu ukurasa.

Sanaa iko wapi hapo? Iko katika uchaguzi. Badala ya nyuzi 30 weka 15, na mti hurefuka na kukonda kama mkaratusi. Weka 60, nao hutanuka kama migunga ya nyanda za Nanyuki. Fanya tawi la kushoto liwe refu kuliko la kulia, na mti utainama kana kwamba umepigwa na upepo wa miaka mingi. Hakuna kanuni ya hisabati inayomwambia mwanafunzi ni mti upi unaopendeza. Ni jicho lake, na kumbukumbu yake ya miti aliyoiona. Lakini jicho hilo haliwezi kupata linalotaka mpaka mwenyewe ajue pembe ni nini na uwiano ni nini. Mwanafunzi ambaye jana alikariri kwamba duara lina nyuzi 360 bila kujua la kufanya nazo, leo anazitafuta nyuzi kwa hiari yake, kwa sababu tawi lake limeelekea ardhini naye alilitaka lielekee angani.

Msomaji huenda akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika mambo haya. Natafuta kilicho changu. Hebu tuitazame sentensi hii: "Mtoto aliyebeba kiondo kilichosukwa na mama aliyelelewa na nyanya aliyetoka Othaya amefika." Ndani ya kirai kuna kishazi, ndani ya kishazi kuna kirai, na ndani yake tena kishazi. Tungeweza kuendelea hadi pumzi zikatuishia. Sarufi haituzuii, kinachotuzuia ni kumbukumbu na subira ya anayetusikiliza. Kila mtoto azungumzaye Kiswahili, Kikuyu au Kimeru anaijua kanuni inayojiita yenyewe tangu akiwa na miaka mitatu au minne. Hajafundishwa jina lake tu.

Uhusiano huu wa lugha na maumbo si mzaha wa mwalimu wa isimu. Mnamo 1968 mwanabiolojia Aristid Lindenmayer, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uholanzi, alitaka kueleza jinsi mimea midogo kama mwani inavyokua. Alitumia herufi. Anza na A. Kanuni ni mbili: kila A igeuke kuwa AB, na kila B igeuke kuwa A. Basi A huwa AB. AB huwa ABA. ABA huwa ABAAB. Nayo ABAAB huwa ABAABABA. Hesabu herufi katika kila hatua: 1, 2, 3, 5, 8. Kila idadi ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Mwanaisimu akiziona kanuni hizo hutambua mara moja kwamba ni za ukoo mmoja na kanuni za sarufi zalishi ambazo Noam Chomsky alizieneza kuanzia mwaka 1957. Tofauti ni kwamba hapa herufi zote hubadilishwa kwa pamoja, kama vile seli za mmea zinavyokua kwa wakati mmoja. Baadaye watu walizipa herufi hizo maana ya amri za kuchora, hii ikiwa "songa mbele" na ile ikiwa "geuka", na kompyuta ikaanza kuchora kangaga, maua na magugu ambayo mtu angedhani yamepigwa picha. Je, hilo ni somo la biolojia, la hisabati, la sarufi au la sanaa? Mkondo gani ulipewe?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani yanayoletwa kwa mtoto wa Nyeri yakiwa yamekwisha kupikwa. Hapana. Mwaka 1999 msomi wa Kimarekani, Ron Eglash, alichapisha kitabu kiitwacho African Fractals, akionyesha mpangilio wa vijiji na majumba huko Zambia na Kamerun, misalaba ya Ethiopia, na ususi wa nywele, ambamo umbo kubwa hurudiwa kwa udogo kwa makusudi ya waundaji wenyewe. Kutokana na utafiti huo yeye na wenzake walitengeneza programu ambayo mwanafunzi huchora msuko wa nywele kwa kuamua idadi ya vifundo, kiasi cha kila kifundo kupungua kikilinganishwa na kilichotangulia, na kiasi cha kugeuka. Kabla yake Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa ametumia miaka mingi kuonyesha jiometri iliyomo katika ukili wa wasukaji na katika michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola. Basi nenda katika chumba chochote cha ususi mjini Nyeri, Nanyuki, Embu au Meru siku ya Jumamosi. Msusi anayeanza na fundo nono karibu na paji la uso na kuufikisha msuko nyuma ya kichwa ukiwa mwembamba kama uzi, anafanya uwiano kwa vidole. Huenda alipata alama ya chini katika hisabati, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake na somo lile vina undugu.

Hapa, hata hivyo, yafaa tujihadhari. Si kila urembo wa Kiafrika ni fraktali, na si uzalendo kumdanganya mtoto. Marehemu nyanya yangu alisuka viondo. Kiondo chake kilianzia kitakoni, nyuzi zikiongezwa kadiri kilivyopanuka, kisha kikapanda kwa mizunguko na mistari ya rangi. Hiyo ni kanuni inayorudiwa, na ilihitaji hesabu kali, kwani akikosea uzi mmoja alilazimika kufumua. Lakini sehemu ya kiondo si kiondo kidogo. Mwanafunzi aulizwe basi: kipi kati ya hivi kinajirudia tu, na kipi kinajirudia kwa kupungua? Akiweza kutofautisha msuko na kiondo kwa kigezo hicho, na akatetea jibu lake kwa Kiswahili kinachoeleweka, amefanya kazi ya kisomi iliyo bora kuliko kukariri ufafanuzi kumi.

Nimegusia lugha, na hapa ndipo penye donda. Serikali haijalala katika suala la kompyuta. Mradi ulioanza mwaka 2016 ulisambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili, hatua iliyosifiwa barani kote. Lakini kifaa na mtaala si mafunzo. Vishikwambi vingi viliishia kufungiwa kabatini. Na pale somo linapofundishwa, aghalabu mwanafunzi hunakili ubaoni majina ya sehemu za kompyuta kwa Kiingereza na kuyarudisha katika mtihani jinsi alivyoyapokea. Amri za programu zenyewe ni za Kiingereza, hivyo mtoto hubeba mizigo miwili kwa mara moja: wazo geni na neno geni.

Mzigo mmoja waweza kutuliwa. Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007 kwa ajili ya watoto, ambayo amri zake hupangwa kama matofali, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Mwalimu hubonyeza mahali pa lugha, akachagua, na matofali yakageuka. Ninapowauliza walimu wa Kiswahili kama wanalijua hili, wengi hunitazama kwa mshangao. Wala si mara ya kwanza. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, zikiwa za bure. Ni shule ngapi za Kenya zilizowahi kuzisikia? Sisi wanaisimu tuna lawama yetu. Tumebishana miaka mingi kama tuseme kompyuta au tarakilishi, huku tukisahau kwamba istilahi hukua katika vinywa vya watu walio kazini. Wape wanafunzi arobaini mti wa kuchora, na kabla ya kipindi kwisha watakuwa wamepata neno la amri inayojiita, neno la tawi lililokataa kuacha, na neno la mchoro ulioharibika. Kisha sisi tuje na madaftari yetu tuandike.

Zipo pingamizi tatu ambazo sina budi kuzijibu. Ya kwanza ni ya walimu: shule haina kompyuta za kutosha, na kuna siku umeme hupotea tangu asubuhi. Ni kweli. Lakini mstari wa Koch ulichorwa kwa mkono mwaka 1904, na herufi za Lindenmayer hazihitaji ila kalamu. Kompyuta kumi kwa wanafunzi hamsini zinatosha endapo kila kundi litaingia chumbani likiwa limekwisha kuandika kanuni yake karatasini na kuijaribu kwa rula. Kwa hakika, aliyeandika kwanza hufanya makosa machache na hutumia muda mfupi mbele ya mashine.

Pingamizi la pili ni la wazazi: mtoto hakupelekwa shuleni kuchora maua. Mzazi huyu namwelewa, kwani analipa karo kwa majani chai au kahawa ambayo bei yake haitabiriki. Namwomba azingatie kwamba mtaala wenyewe unadai kazi za mradi na kuzitathmini, na kwamba mchoro wa namna hii unabeba pembe, uwiano, mfuatano wa namba, mantiki ya "kama… la sivyo" na maelezo ya maandishi. Azingatie pia kwamba watengenezaji wa vitambaa, wasanifu wa majengo na watayarishaji wa filamu za katuni hufanya kazi zao kwa programu. Nje kidogo ya mji wa Nyeri kipo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na Karatina wana chuo kikuu chao. Je, vijana wetu wavitazame vyuo hivyo kama majengo ya wageni?

La tatu ni jipya, nalo huletwa na wanafunzi wenyewe: ya nini kuhangaika na nyuzi na theluthi, ilhali akili bandia siku hizi huchora picha yoyote kwa kuambiwa sentensi moja? Swali hili lisipuuzwe. Jibu langu ni kwamba anayeagiza picha kwa sentensi moja hupokea alichopewa. Hawezi kusema kwa nini tawi limeelekea kule, wala hawezi kulirekebisha ila kwa kuagiza tena na kungoja. Aliyeandika kanuni anajua kila mstari umetoka wapi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Katika ulimwengu ambamo vitu vingi vinaelea mbele ya macho ya vijana wetu simuni, nadhani ni haki yao wafundishwe walau kitu kimoja kinavyoundwa, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ili wasije wakadhani kwamba vyote vilianguka kutoka mbinguni.

Nini basi kifanyike? Kwanza, walimu wakuu wa shule za upili watenge walau kipindi kimoja kwa juma ambapo chumba cha kompyuta kitakuwa wazi kwa wanafunzi wa mikondo yote. Hili halihitaji waraka kutoka Nairobi. Pili, walimu wa hisabati, sanaa na Kiswahili wakae pamoja na kutoa mradi mmoja kwa muhula: mwanafunzi achague umbo kutoka mazingira yake, aandike kanuni yake, alichore, kisha alieleze kwa insha. Tatu, chuo cha walimu cha Kagumo na vyuo vikuu vya eneo hili vipeleke wanafunzi wao katika shule jirani wakasaidie. Hakuna njia bora ya kujifunza jambo kuliko kulifundisha. Nne, Wizara iangalie upya maana ya ile hisabati ya kimsingi. Kama itakuwa hisabati iliyopunguzwa, wa mkondo wa sanaa wataichukia kama walivyoichukia ya awali. Kama itakuwa hisabati ya maumbo, ruwaza na uwiano, basi huenda wakaipenda kuliko wenzao wa sayansi.

Narudi kwa msichana yule. Mwalimu wake aliniambia baadaye, tukiwa tunanywa chai, kwamba wakati wa likizo yeye husuka nywele katika kibanda cha shangazi yake ili apate pesa za matumizi, na kwamba ana mkono mwepesi ajabu. Yaani anayeuliza kama ataruhusiwa kuingia katika chumba kile, anafanya kila likizo, kwa vidole, jambo ambalo kompyuta za chumbani mle zinangoja kuagizwa na mtu.

Binti yangu, jibu langu ni hili. Ingia. Ukikuta mlango umefungwa, mwombe mwalimu wako ufunguo kwa adabu, na umwonyeshe makala haya. Beba rula, penseli na karatasi iliyoandikwa kanuni ya msuko mmoja unaoujua vyema: unaanza na ukubwa gani, unapungua kwa kiasi gani, unageuka wapi, na unaacha lini. Hilo la mwisho usilisahau, kwani kanuni isiyojua mahali pa kuacha haitakupa mchoro.